Folda ya Vifaa Ilipohamia Kati

Simu ya dada ilinikuta napuliza chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa haraka ya mtu anayetumia dakika zake mwenyewe, kisha akauliza:

"Hiyo kompyuta yenu imekufa au imelala?"

Nilimjibu kwamba kompyuta hazilali. Lilikuwa jibu la kitaalamu na halikumsaidia chochote.

Dada anaishi milimani, upande wa barabara ya Mgeta, juu kabisa ya pale ambapo magari hukata tamaa. Mimi niko mjini Morogoro, ambako nimejifunza kuandika programu peke yangu, ukubwani, kwa vitabu vya kuazima na intaneti ya vifurushi. Waliosomea kazi hii chuoni wana vyeti. Mimi nina utaratibu. Kila kitu nakifanya kwa hatua, na hatua zikiisha bila mafanikio narudi ile ya kwanza, nikiwa na utulivu uleule na muda mchache zaidi.

Asubuhi ile dada alikuwa amefanya yote aliyofundishwa. Alituma ujumbe wa simu: jina la kanda yake, zao, idadi ya magunia. Kwa kawaida mfumo humjibu papo hapo kwamba ujumbe umepokelewa. Siku hiyo mfumo ulikaa kimya. Akatuma tena. Kimya. Akanipigia mimi, kwa kuwa mfumo niliuandika mimi, na mtu akishaandika kitu watu huamini kwamba anakijua.

Mfumo wenyewe ni wa kikundi cha wakulima wa mboga. Wako katika kanda tatu zinazofuatana mlimani, nazo zinaitwa Juu, Kati na Chini, kwa sababu waliozipa majina hawakuwa na muda wa kupoteza. Wana gari moja la kukodi, pikapu, ambalo hupanda mlima alasiri likipakia kanda kwa kanda, hulala huko, na hushuka alfajiri na mizigo. Zamani mkulima alimpigia dereva simu moja kwa moja. Ikaonekana kwamba rafiki wa dereva hupakiwa kwanza, na asiye rafiki hubaki barabarani na kabichi zake. Kelele zikawa nyingi. Ndipo kikundi kikaamua kuendelea kisasa: marufuku mtu yeyote kumpigia dereva, na marufuku dereva kusimama mahali popote ambapo hakutumiwa na mfumo. Uamuzi ulipitishwa kwa makofi. Tangu siku hiyo dereva amekuwa mtiifu kupita malaika. Mfumo usipomtumia ujumbe kabla ya swala ya alasiri, anafunga gari na kwenda nyumbani, na dhamiri yake iko safi.

Siku yoyote nyingine ningemaliza chai kwanza. Lakini dada alikuwa na njegere. Kwa msimu mzima alikuwa amemfuata mpishi mkuu wa hoteli moja ya mjini, amempelekea sampuli, amemchekea, amesubiri mlango wa jikoni kama mwombaji. Mwishowe mpishi akakubali kujaribu, kwa sharti moja: njegere mbichi zimfikie asubuhi ya kesho, zikiwa bado na ubaridi wa mlimani. Zisipofika siku ya kwanza, dada asijisumbue kuja siku ya pili. Kwa hiyo dada alikuwa ameshachuma tangu jua lilipochomoza. Njegere zilikuwa kwenye magunia, kivulini, zimenyunyiziwa maji, na njegere zikishachumwa huwezi kuziomba zisubiri fundi.

"Zitafika kesho hapo hotelini?" aliuliza. Sauti yake ilipanda mwishoni kwa lafudhi ya kwetu, ile ambayo mjini nimeificha vizuri.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, na kwamba aendelee kutuma ujumbe kila baada ya muda, ili mfumo ukiamka nijue. Naomba msomaji aukumbuke ushauri huu mzuri.

Hatua ya kwanza ya utaratibu wangu ni kuangalia kama tatizo lipo. Nyumbani nina nakala ya programu nzima kwenye laptopu. Nikaiwasha. Ikawaka bila kulalamika, ikapokea ujumbe wa majaribio, ikajibu kwa heshima zote. Nikampigia katibu wa kikundi, ambaye hukaa ofisini na ndiye mlezi wa kompyuta ya kikundi inayoendesha mfumo, nikamweleza kwa uhakika kabisa kwamba kwangu inafanya kazi. Hii ni sentensi ambayo watu wa fani yetu wamewahi kuisema katika kila nchi yenye umeme. Haijawahi kumfurahisha mtu aliyeko upande wa pili.

"Basi fundi, tuwaambie wakulima walete mboga kwako," katibu alisema.

Nikachukua baiskeli.

Ofisi ya kikundi ni chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, karibu na soko. Kompyuta iko chini ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya ukumbi wa zamani, na juu ya meza kuna simu ndogo iliyounganishwa nayo kwa waya, inayopokea ujumbe wa wakulima. Katibu ni mwanamke makini, mwenye umri wa kuweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, na hakuna kitu katika chumba kile kisichokuwa mahali pake. Kalamu zimelala upande mmoja. Mihuri imepangwa kwa ukubwa. Nilikuwa nikilisifu sana jambo hili.

Alinieleza kwamba umeme ulikatika jana jioni, ukarudi asubuhi, akawasha kompyuta kama siku zote, na programu ikakataa. Mkulima mmoja alipita kuuliza, naye akamwambia mfumo unasumbua. Mkulima akaondoka ameridhika. Katika nchi hii ukimwambia mtu kwamba mfumo unasumbua, anakuelewa mara moja, kama ungemwambia mvua inanyesha.

Nikaiwasha mwenyewe. Programu imeandikwa kwa JavaScript, ile inayokimbia kwenye seva na siyo kwenye kurasa za wavuti, na inaendeshwa na kitu kinachoitwa Node. Node ikikasirika huandika kwa Kiingereza mistari mingi myekundu, na kati ya mistari hiyo ni mmoja tu wenye maana. Huo ulisema: Cannot find module '../juu/vifaa'. Yaani, imetafuta moduli ya vifaa kwenye folda ya Juu na haikuiona.

Moduli si kitu cha kutisha. Ni faili, au folda ya mafaili, lenye kazi ambayo wengine wanaihitaji. Programu yangu ina folda tatu, moja kwa kila kanda, kwa sababu kila kanda ina vituo vyake na mazao yake. Zote tatu zinahitaji kazi zilezile za msingi: kusoma ujumbe, kujumlisha magunia, kumwandikia dereva. Kazi hizo za pamoja ziko kwenye folda inayoitwa vifaa. Kanda ya Juu ndiyo iliyoingia kwenye mfumo kwanza, kwa hiyo vifaa vilizaliwa ndani ya folda ya Juu, na folda nyingine zikaambiwa zivifuate huko.

Zinavifuata kwa njia, na njia huandikwa kwa nukta. Nukta mbili na mkwaju, yaani ../, maana yake ni: toka nje ya chumba ulimo. Halafu ingia Juu, halafu tafuta vifaa. Mtu wa kwetu milimani hawezi kushangazwa na utaratibu huu. Muulize kisima kiko wapi, hatakutajia kaskazini wala kusini. Atakwambia panda hapo, ukikuta migomba shuka kidogo, utasikia maji. Maelekezo yake ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba yanaanzia kwenye miguu yake, na yanaamini kwamba kisima hakitahama.

Sikuwaza hivyo wakati ule. Niliwaza kama fundi, yaani nilijishuku mwenyewe. Siku mbili nyuma nilikuwa nimebadilisha maneno ya ujumbe mmoja, bila kuiwasha programu upya, nikaweka "tafadhali" mahali ambapo haikuwepo. Nikaamini kwamba adabu ndiyo iliyoharibu programu. Nikaiondoa "tafadhali". Programu ikakataa vilevile, sasa bila adabu.

Hatua iliyofuata nilishauriwa na intaneti. Ukiuliza watu wa mtandaoni kuhusu moduli isiyoonekana, watakujibu kwa sauti moja, kutoka mabara yote, kwamba ufute maktaba zote za nje ulizopakua, uzipakue upya. Hawakuulizi moduli gani. Ni kama zahanati yenye dawa ya aina moja. Nikafuta, nikaanza kupakua. Intaneti ya ofisi ilikuwa ikipanda kama mzee mwenye mzigo. Katibu akaniletea kiti. Dada akapiga.

"Njegere zimeanza kuniuliza," alisema.

Nikamwambia niko karibu. Nilikuwa natazama mstari uliokuwa umesimama katikati ya kioo, hauendi wala haurudi.

Upakuaji ulipokwisha, programu ikaandika mistari myekundu ileile, na kwa uzuri uleule. Ndipo nikafanya jambo ambalo mtu yeyote asiye na utaratibu angelifanya mwanzo kabisa: nikafungua folda ya Juu na kuangalia kama vifaa vimo.

Havikuwemo.

Nikafungua Chini. Havikuwemo. Nikafungua Kati, na humo ndani, vimetulia, vimejaa, bila faili hata moja kupotea, vilikuwemo vifaa.

Nilimuuliza katibu kama kuna mtu aliyegusa kompyuta. Akasema hakuna anayegusa kompyuta ile isipokuwa yeye. Nikamuuliza kama yeye ameigusa. Akasema ndiyo, alipohamisha vifaa, wiki iliyopita, mara baada ya kikao.

"Ulivihamisha wewe?"

"Kamati ndiyo imevihamisha. Mimi nimevuta tu na kuachia."

Hapa lazima nieleze habari ya mizani. Kikundi kina mizani moja, ya chuma, ya kuning'iniza. Haina kituo. Kila msimu hulala kanda moja, na msimu ukigeuka hukabidhiwa kanda inayofuata, mbele ya watu, kwa chai na maandazi. Wazee walilianzisha jambo hili kwa kuwa waliamini, na sidhani kama wameacha kuamini, kwamba mizani ikikaa sana kwa watu wa mahali pamoja inawazoea, na ikishawazoea inawaonea haya. Kwa hiyo mizani huzunguka, na kila chombo cha pamoja huzunguka pamoja nayo: turubai, kamba, lile bomba la dawa lisilofanya kazi. Hata bomba hilo lina zamu yake, na hukabidhiwa kwa makini yote.

Katika mkutano mkuu niliwaonyesha wanachama mfumo, ukutani, kwa projekta ya kuazima. Nilikuwa nimechora folda kama nyumba, ili waelewe. Walielewa kuliko nilivyotaka. Mzee mmoja wa Kati alisimama akauliza, hivi vifaa ni vya wote, mbona vinalala Juu? Nilimjibu kwa kirefu. Nilieleza moduli, nilieleza nukta. Aliniacha nimalize, akashukuru, akakaa. Nikadhani nimemshawishi. Kumbe alikuwa anasubiri kikao ambacho mimi sitakuwepo. Kikaja, na kamati ikaamua kwamba msimu huu vifaa vya kwenye kompyuta navyo vihamie Kati, vikifuatana na mizani. Katibu akarudi ofisini, akatekeleza alasiri ileile. Laiti serikali ingekuwa na watekelezaji kama huyu.

Nikamuuliza kwa nini basi mfumo uliendelea kufanya kazi wiki nzima. Swali hili nilijiuliza mwenyewe, kwa kweli, na jibu nikalipata mwenyewe. Node huvisoma vifaa mara moja tu, inapowaka. Ikishavibeba kichwani hairudi nyuma kuangalia kama bado vipo mlangoni. Iliendelea kufanya kazi kwa kumbukumbu ya nyumba iliyokwisha kuhamwa, hadi umeme ulipokatika ikasahau. Ilipoamka ikavifuata Juu, ikakuta chumba kitupu.

Sasa kazi ilikuwa nyepesi. Kuvuta folda na kuirudisha Juu ni jambo la kufumba na kufumbua. Nikashika kipanya.

"Fundi," katibu akasema, "unavirudisha Juu?"

"Navirudisha."

"Kwa dada yako."

Nikaacha kipanya.

"Mimi sikukatazi," aliendelea, kwa sauti ya mtu anayepanga mihuri. "Ila wakiuliza, nitasema. Kamati ilivitoa Juu, kaka mtu akaja kuvirudisha Juu, siku ambayo dada mtu ana mzigo wake. Sitaongeza neno."

Hakuwa na haja ya kuongeza. Sisi Waluguru mtu ni wa kwa mama yake. Ningeweza kukaa mjini hadi nizeeke, ningeweza kuhamia Dodoma. Mahali alipo dada yangu, kwenye ardhi ya mama, ndipo kwetu, na kwetu ni Juu. Kikundi kilikuwa kimejenga mfumo mzima ili kukomesha urafiki na dereva. Mimi nilikuwa karibu kuufungua tena ule mlango, nikipitia dirishani, nikiwa na folda mkononi.

Nikapendekeza ampigie mwenyekiti kuomba ruhusa ya muda. Akapiga. Mwenyekiti alikuwa shambani, alisikika akihema. Alisema jambo hilo ni zito, haliwezi kuamuliwa kwa simu, na kwamba kamati itakaa Jumamosi. Nikaeleza kwamba gari linaondoka leo. Akasema anaelewa sana, na ndiyo maana atawahimiza Jumamosi wawahi.

Kwa hiyo vifaa vilibidi vibaki Kati, na programu nzima ijifunze kwamba vimehamia Kati. Ningeweza kupita kila faili, kufuta "juu" na kuandika "kati", na kuhesabu nukta upya kila mahali, kwa kuwa sasa watu wa Kati wanavipata ndani kwao bila kutoka nje, na watu wa Juu ndio wa kutoka. Kisha msimu ujao vingehamia Chini, nami ningerudi kuhesabu nukta. Nikajiona nikiwa mzee, mkongojo pembeni, nikihesabu nukta kila mizani inapohama.

Ipo njia nyingine. Katika faili la utambulisho wa programu, lile linaloitwa package.json, unaweza kuandika jina fupi lenye alama ya reli mbele yake, kwa mfano #vifaa, na kulieleza mara moja tu kwamba jina hili linakaa wapi. Baada ya hapo kila faili, liwe chumba gani, linaita #vifaa tu. Halisemi toka, halisemi panda. Vifaa vikihama, unabadilisha mstari mmoja. Niliwahi kuisoma habari hii na kuiona kuwa ni anasa ya watu wenye programu kubwa. Haikunijia kwamba walioibuni walikuwa na mizani inayozunguka.

Nikaandika mstari: #vifaa inakaa ./kati/vifaa. Nikaiambia kompyuta ibadilishe njia zote za zamani kwa mkupuo. Katibu alisimama nyuma yangu akisoma kila herufi, kuhakikisha kwamba Juu haitajwi. Nikawasha.

Cannot find module.

Dada akapiga wakati huohuo. Sikupokea. Nje, muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa bado hajaanza, lakini niliona watu wawili wakipita na makanzu, bila haraka, kama watu wenye nafasi ya kutawadha vizuri.

Nikasoma mstari ule mwekundu tena, taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayesoma hukumu yake akitafuta kosa la mchapaji. Ilikuwa imefika Kati. Ilikuwa imefika hadi vifaa. Ikasimama nje. Unapotumia njia ya nukta, Node hukufanyia wema: ukiitajia folda, inaingia yenyewe na kulitafuta faili la mlangoni, index.js. Unapotumia jina lenye alama ya reli, wema unakwisha. Inataka utaje faili lenyewe, kwa jina kamili. Nilikuwa nimeionyesha nyumba, nayo imesimama uani ikisubiri kuonyeshwa mlango, na isingebisha hodi hata kwa njegere za dunia nzima.

Nikaongeza index.js mwishoni mwa mstari. Nikawasha.

Haikuandika chochote chekundu. Iliandika kwamba iko tayari. Ile simu ndogo ikaanza kutetemeka juu ya meza, ikatetemeka mfululizo, ikasogea hadi ikagusa mihuri ya katibu. Ilikuwa imeshika ujumbe wote wa tangu asubuhi, na sasa inaukabidhi. Muadhini akaanza. Katika kioo nikauona ujumbe wa dereva ukiondoka. Nikampigia dada, nikamwambia gari linakuja.

"Nimetuma mpaka kidole kimechoka," alisema. "Ulisema niendelee."

Nilimpongeza kwa uvumilivu wake. Kisha nikakata simu, nikatazama kioo tena, na safari hii nikausoma ule ujumbe wa dereva badala ya kuufurahia.

Wakulima wengine walituma mara moja, wakaona kimya, wakaendelea na kazi zao. Dada alitii ushauri wa fundi. Na mfumo wangu, ambao ni mwaminifu, ulihesabu kila ujumbe kuwa mzigo mpya, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye akili zake angetuma ujumbe uleule kutwa nzima. Dereva alikuwa amearifiwa kwamba dada yangu, katika kanda ya Juu, ana njegere nyingi kuliko zilizowahi kuvunwa na ukoo wetu tangu uanze kulima.

Nikampigia dereva kumsahihisha. Simu ililia mara moja, akaikata. Ni marufuku kumpigia. Nikahangaika kuandika masahihisho, na nilipoyatuma kwa mfumo, mfumo ukaniambia kwamba ujumbe haufiki. Alikuwa ameshaiacha lami, na huko kwenye kona za mlima simu ni pambo.

Yaliyofuata nimeyapata kwa watu. Dereva alifanya kama mtu mwenye akili. Alipita Chini bila kusimama, akapita Kati bila kusimama, watu wakimpungia mikono kandokando ya kabichi zao, naye akiwapungia pia, ili awahi shehena kubwa kwanza na kuipangia nafasi. Alifika Juu, akakuta mwanamke mmoja na magunia mawili. Akayapakia. Akauliza mengine yako wapi. Dada akamwambia ni hayo tu. Dereva akamwonyesha simu. Dada akaisoma, akaitazama pikapu tupu, akamwambia kwamba kompyuta ya mdogo wake imekuwa na heshima sana leo, akamkaribisha ugali. Dereva alikaa kula, kwa kuwa aliogopa kushuka na magunia mawili kabla ya kuwa na uhakika. Watu wa Kati walimsubiri hadi maghrib. Alipowafikia walimpakia kimya kimya, kimya cha watu wanaotunza maneno kwa ajili ya kikao.

Asubuhi njegere zilikuwa mlangoni pa jiko la hoteli kabla mpishi hajavaa aproni. Aliingiza mkono kwenye gunia, akaukuta ubaridi, akamwambia dada alete tena wiki inayofuata. Dada, aliyeshuka na gari, alinipigia akiwa palepale mlangoni. Hakusema asante. Alisema kwamba msimu ujao angependa programu imhesabie na maembe, maana hana mwembe hata mmoja.

Jumamosi kamati ikakaa, na kweli waliwahi. Safari hii niliitwa. Nilikwenda na maelezo yangu, kwa hatua: kukatika kwa umeme, njia, alama ya reli, mlango, ujumbe uliorudiwa. Walinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo sasa lilinitia hofu. Yule mzee wa Kati akasema ameelewa. Alichoelewa ni hiki: vifaa vilipokuwa Juu, gari lilipita kila kanda kwa haki. Siku ya kwanza tu mfumo ulipovifuata Kati, gari likakimbilia kwa dada wa fundi. Kwa hiyo tatizo si mahali vifaa vinapolala. Tatizo ni mahali anapotoka fundi.

Nilijaribu kusema kwamba hayo mawili hayahusiani.

"Mjukuu wangu," alisema, "sisi hatukulaumu. Mtu hachagui mama."

Ilijadiliwa kama fundi naye anaweza kuzunguka. Mtu wa Chini alipendekeza, kwa dhati, kwamba kila msimu nihesabiwe kuwa mgeni wa kanda yenye mizani, nile huko, nilale huko siku ya makabidhiano, ili nisizoee upande mmoja. Hoja ikaungwa mkono. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, nimejifunza lugha za kompyuta kadhaa bila mwalimu, na nimewekwa kwenye zamu kati ya turubai na bomba la dawa.

Ujumbe unaorudiwa nimeshaurekebisha; mfumo sasa hutambua mzigo uleule hata ukitumwa mara ngapi. Dada analiona hilo kuwa ni kumpunguzia hadhi. Njegere zake zinashuka kila wiki, na mpishi amezizoea kiasi cha kulalamika gari likichelewa.

Msimu ulipogeuka, mizani ilikabidhiwa Chini, katika darasa la shule ya msingi, kwa chai na maandazi. Ilitundikwa, ikajaribiwa kwa jiwe linalojulikana uzito wake, ikapokelewa kwa mikono miwili. Turubai likafuata. Kamba zikafuata. Bomba likafuata. Kisha katibu akaita jina la folda, na mimi nikasimama mbele ya watu na laptopu, projekta ikawaka ukutani, juu ya ramani ya Afrika. Yeye akavuta vifaa kutoka Kati akaviachia Chini, taratibu, ili wote waone. Mimi nikafungua faili la utambulisho, nikaufikia ule mstari mmoja, nikafuta "kati", nikaandika "chini". Nikawasha programu. Ikasema iko tayari.

Dada alikuwa amekaa dawati la mbele, magunia yake nje mlangoni, akitafuna andazi na kunitazama kama anavyotazama wagombea wa udiwani.

Mzee aliyepokea kwa niaba ya Chini alisogea hadi ukutani, akaweka kidole chini ya mstari.

"Ni hiki tu?"

Nikasema ni hicho tu.

Alikisoma kwa muda. Kisha akageuka, akauliza kama hakiwezi kuandikwa kwa herufi kubwa kidogo, maana Kati walipopewa zamu yao folda ilihama bila watu kuona, na Chini wasingependa ionekane kwamba wamepewa kidogo. Nikashika kitufe cha kukuza maandishi, nikakibonyeza hadi mstari ule ukajaa ukuta mzima na neno la mwisho likaangukia nje ya dirisha. Watu wakapiga makofi, na chai ikamiminwa.